Mafundisho ya Lugha: Kitenzi cha Kiingereza "Grieve" na Mzigo Uliomo Ndani Yake

Wengi wenu mwasoma Kiingereza, wengine shuleni, wengine nyumbani jioni kazi zikiisha. Nanyi mwajua ya kuwa maneno ya sokoni na ya safarini hayamsumbui sana mwanafunzi: akikosea, watu hucheka kidogo, naye hujifunza, basi yamekwisha. Walakini maneno ya msiba sivyo yalivyo. Mtu aliyefiwa hasomi barua kama asomavyo orodha ya bei. Neno moja lililokaa mahali pasipo pake laweza kumchoma siku ile ile ambayo mwandishi alitaka kumtuliza. Kwa hiyo mwezi huu twataka kulichukua neno moja tu, kitenzi "grieve", tulitazame kwa makini: asili yake, majirani zake, namna litumiwavyo, na hasa pale ambapo sisi tusemao Kiswahili twaweza kujikwaa.

Chukueni mfano huu. Usharika mmoja una rafiki Mwingereza, mama mzee, naye amefiwa na mumewe. Katibu wa usharika ashika kalamu amwandikie kwa lugha yake. Moyoni ataka kusema, "Twakusikitikia wewe na watoto wako." Afungua kamusi, aona "grieve", aandika: "We grieve you and your children." Barua yafika. Yule mama aisoma, na maneno yampa maana mbili, wala hakuna hata moja iliyo ya katibu. Maana ya kwanza ni hii: "Twakuhuzunisha wewe na watoto wako." Na ya pili: "Twakulilia wewe na watoto wako," kana kwamba wao nao wamekwisha kufa.

Kosa li wapi? Maneno yote ni ya Kiingereza, wala hakuna herufi iliyopotea. Upendo wa katibu nao haukupungua. Kilichopungua ni neno dogo moja katikati ya "grieve" na "you". Tutalifikia, lakini twende hatua kwa hatua.

1. KULITAMKA NA KULIANDIKA

Kitenzi hiki hutamkwa "griiv": sauti ya i huvutwa, na neno huishia katika v. Sisi tumezoea kila neno liishe kwa vokali, kwa hiyo ulimi wetu hupenda kuongeza i mwishoni na kusema "grivi". Sharti tuuzuie. Kwa wakati uliopita neno ni "grieved", nalo hutamkwa kwa pumzi moja, "griivd". Ile e ya mwisho huandikwa tu.

Jina la huzuni yenyewe ni "grief", lenye f mwishoni. Mgeuko huu wa f na v hauko katika neno hili peke yake. Imani ni "belief", kuamini ni "believe". Nafuu ni "relief", kumpa mtu nafuu ni "relieve". Uthibitisho ni "proof", kuthibitisha ni "prove". Basi shikeni kanuni hii, ya kwamba katika maneno haya jina lashika f na kitenzi chashika v. Nanyi mkiandika "grief" na "grieve", i hutangulia e.

2. ASILI YA NENO

Neno hili lilikuja Uingereza kutoka nje. Katika mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaitwaa nchi ya Uingereza, na kwa muda mrefu baadaye wakubwa wa nchi walisema Kifaransa. Maneno maelfu yakaingia katika Kiingereza kwa njia hiyo, kama vile maneno ya Kiarabu yalivyoingia katika Kiswahili kwa njia ya pwani. Nasi tukumbuke kwamba "huzuni", "msiba" na "tanzia" ni maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu. Mataifa hukopeshana hata maneno ya kulilia.

Kifaransa cha kale kilikuwa na neno "grever", maana yake kulemea, kutaabisha. Nalo lilitoka katika Kilatini "gravare", yaani kutia uzito. Kwa kuwa "gravis" kwa Kilatini ni -zito. Hapo kwanza Waingereza walilitumia kwa maana ya kudhuru na kutaabisha, kisha kwa maana ya kumtia mtu huzuni, kisha kwa maana ya kuhuzunika mwenyewe. Basi ndani ya neno hili mna mzigo. "To grieve" asili yake ni kumtwika mtu kitu kizito.

Ukoo wa "gravis" ni mkubwa, na kuujua kwamsaidia mwanafunzi. "Gravity" ni uzito, na ni jina la nguvu ile ivutayo vitu chini, aliyoieleza Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687. "Aggravate" ni kuongeza uzito wa jambo baya, kulizidisha. Na waganga wa Kiingereza wana neno "gravid" kwa mwanamke mwenye mimba, yaani mwenye uzito. Hapo Kiswahili na Kilatini, lugha zisizo na udugu, zimekutana njia moja, kwa maana sisi nasi twamwita mja mzito.

Lakini tahadharini na neno moja lifananalo nayo. "Grave" lenye maana ya kaburi si ndugu wa "grieve", hata kama msiba wayaweka karibu karibu. Hilo ni neno la asili ya Kigermani, nalo latokana na kuchimba. Wajerumani husema "Grab" kwa kaburi na "graben" kwa kuchimba, nasi tunayo makaburi ya wamisionari yaliyoandikwa kwa lugha hiyo. "Grave" jingine, lenye maana ya -zito au -a hatari, kama katika "a grave illness", ndilo la ukoo wa Kilatini. Sura ni moja, wazazi mbalimbali.

3. NANI ATWIKA, NANI ABEBA?

Sasa tumefika penye kiini cha somo letu. Ikiwa ndani ya "grieve" mna mzigo, hapana budi kuuliza kila tulionapo: ni nani autwikaye mzigo huu, na ni nani aubebaye?

Kiswahili hutujibu kwa mwisho wa kitenzi. Tukisema "ahuzunika", twajua kwamba yeye mwenyewe abeba. Tukisema "amhuzunisha", twajua kwamba mmoja atwika na mwingine abeba. Tukisema "amsikitikia", twajua kwamba aona uchungu kwa ajili ya mwingine. Na tukisema "amlilia", twajua kwamba yuko mtu aliyekwenda zake, au kitu kilichopotea, na huyu aliyebaki atoa machozi. Silabi moja katika kitenzi yatosha kutupa habari yote.

Kiingereza hakina silabi hizo. "Grieve" hubaki "grieve" katika maana zote. Habari zinazotolewa na Kiswahili kwa mwisho wa kitenzi, Kiingereza huzitoa kwa maneno yaliyo jirani ya kitenzi. Kwa hiyo msomaji asiishie kwenye neno lenyewe. Sharti atazame kilicho baada yake. Njia ni tano.

Njia ya kwanza: hakuna jina baada ya kitenzi. "The widow grieves." Maana yake, mjane ahuzunika. Yeye mwenyewe ndiye abebaye.

Njia ya pili: baada ya kitenzi laja neno dogo, "for", "over" au "at". "She grieves for her son": amlilia mwanawe, au aona uchungu kwa ajili ya mwanawe. "They grieved over the ruined harvest": walisikitika kwa sababu ya mavuno yaliyoharibika. "We grieved at the news": tulihuzunika kwa habari ile. Neno "for" hupenda kufuatwa na mtu. "Over" hufuatwa na mtu au jambo. "At" hufuatwa na habari au tukio. Katika njia hii yule aliyetajwa kwanza ndiye abebaye mzigo, na neno dogo laonyesha ni kwa ajili ya nani au nini.

Njia ya tatu: baada ya kitenzi laja jina la mtu mara moja, pasipo neno dogo. "His drunkenness grieves his mother." Ulevi wake wamhuzunisha mama yake. Hapa mambo yamegeuka. Aliyetajwa kwanza ndiye atwikaye, na anayefuata ndiye abebaye. Hii ndiyo maana iliyo karibu na asili, yaani kumlemea mwingine.

Njia ya nne: sentensi huanza na "it", nalo jambo lenyewe latajwa baadaye. "It grieves me to tell you that the school is closed." Yanihuzunisha kukuambia ya kwamba shule imefungwa. Ni usemi wa heshima, nao wafaa katika barua zinazopeleka habari mbaya. Na ukigeuzwa kuwa wa kutendwa, husemwa hivi: "I am grieved to hear it." Nimehuzunishwa kusikia hayo.

Njia ya tano: baada ya kitenzi latajwa jina la marehemu mwenyewe, pasipo neno dogo. "They are grieving their father." Wamlilia baba yao aliyefariki. Matumizi haya yameenea sana siku hizi katika magazeti na vitabu, nasi hatuwezi kusema si Kiingereza. Lakini tazameni: kwa sura yafanana kabisa na njia ya tatu!

Kwa hiyo sentensi moja, "He grieves his father," yaweza kuwa habari ya mwana mtukutu ambaye baba yake yu hai na ateseka kwa ajili yake. Au yaweza kuwa habari ya mwana mwema aliyemzika baba yake jana. Maneno ni yale yale. Mwingereza mwenyewe hana budi kutazama maneno yaliyotangulia ndipo ajue. Mswahili hapati shida hii hata kidogo, maana "amhuzunisha baba yake" na "amlilia baba yake" hazichanganyiki kamwe.

Sasa twaweza kurudi kwa katibu wetu na kuona kosa lilivyozaliwa. Kiswahili kilimpa "twakusikitikia", nalo ni neno moja lenye -ku- ndani yake, yaani mtu atajwaye moja kwa moja. Akadhani kwamba Kiingereza nacho kitamtaja mtu moja kwa moja: "we grieve you". Lakini ile -ia ya "sikitikia" ndiyo iliyokuwa inafanya kazi ya "for". Alipohamisha kitenzi akaiacha -ia nyuma, aliacha daraja lote. Basi kila mara mtakapotaka kutafsiri kitenzi chetu cha kutendea, kama "lilia", "sikitikia" au "ombea", tafuteni kwanza neno dogo la Kiingereza litakalobeba ile -ia.

Jambo hili si la barua tu. Katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 4, mstari wa 30, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia "grieve", na baada yake Roho Mtakatifu atajwa mara moja, pasipo neno dogo. Kijana aliyelizoea "grieve" kwa njia ya tano peke yake aweza kushangaa, akidhani kwamba twakatazwa kumlilia Roho kama mtu aliyekufa. Sivyo. Ni njia ya tatu: tusimtwike huzuni. Biblia ya Kiswahili imetumia kitenzi cha kuhuzunisha, wala haiachi nafasi ya shaka. Hapo msomaji wa Kiswahili amepewa taa ambayo msomaji wa Kiingereza sharti aitafute.

Neno moja zaidi juu ya nyakati. "I grieve" ni usemi mzito wa maandishi, au wa jambo la kila siku. "I am grieving" ni hali aliyo nayo mtu sasa: yumo katika majonzi. Mwingereza aliyefiwa, akitaka kueleza kwa nini hakufika kazini, atasema "I am grieving".

4. MAJIRANI ZAKE

Watu wengi hudhani "grieve" na "mourn" ni kitu kimoja. Ni majirani kweli, lakini nyumba zao ni mbili.

"Mourn" ni neno la kale la Kiingereza chenyewe. Zamani lilikuwa "murnan", maana yake kuhuzunika, na tena kuwa na wasiwasi na kujali. Siku hizi "mourn" hasa ni kuomboleza: huzuni ionekanayo, yenye desturi zake, mavazi yake na siku zake. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Julius Nyerere alipofariki huko London, bendera za Tanzania zilipepea nusu mlingoti na taifa likaomboleza. Hapo Kiingereza husema, "The nation mourned." Na mtu aliyevaa nguo za msiba husemwa kuwa "in mourning". Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Albert mwezi wa Desemba 1861, akavaa nguo nyeusi mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwezi wa Januari 1901. Hiyo yote ilikuwa "mourning".

Bali "grief" hukaa ndani. Mwandishi C. S. Lewis alifiwa na mkewe mwaka 1960, na mwaka uliofuata alitoa kitabu kidogo juu ya hali ya moyo wake, kwanza kwa jina lisilo lake, jina lake la kweli likafichwa. Kitabu hicho kina neno "grief" katika anwani yake, wala si "mourning", kwa kuwa habari zake ni za moyoni.

Sisi twaweza kuielewa tofauti hii bila taabu. Kukaa matanga ni "mourning": watu huja, hulala, hupika, huimba, na siku ikifika matanga humalizwa, kila mtu akaenda kwake. Lakini majonzi ya mama hayakunjwi pamoja na mikeka. Mwingereza aweza kusema, "The mourning is over, but she is still grieving." Matanga yamekwisha, lakini yeye angali na majonzi. Sentensi hii yafaa kukumbukwa hata na asiyejifunza lugha, maana mara nyingi siku ambayo wageni waondoka ndiyo siku ambayo mzigo waanza kuwa mzito.

Tena "mourn" haina hatari ya "grieve". "She mourns her mother" ina maana moja tu: amwombolezea mama yake. Hakuna awezaye kudhani kwamba anamhuzunisha. Mwanafunzi mwenye shaka na achague "mourn" kwa habari za marehemu.

"Lament" ni kuomboleza kwa sauti au kwa maneno. Kitabu cha Maombolezo huitwa "Lamentations" kwa Kiingereza. "Weep" ni kutoa machozi. Mtu aweza "weep" kwa furaha arusini, asiwe na "grief" yo yote. Na mwingine aweza "grieve" mwaka mzima pasipo chozi moja kuonekana. Asiyelia tusimhukumu kuwa hana uchungu.

Na "bereave" je? Asili yake ni kunyang'anya. "The bereaved" ni wafiwa, yaani wale walionyang'anywa mtu wao. Kiswahili kimelitazama jambo lile lile kwa jicho jingine: kufa, kufia, kufiwa. Kifo cha mtu mmoja chamwangukia mwingine, naye huitwa mfiwa. Kiingereza hakina kitenzi kilichojengwa hivyo. Msijaribu kukitafsiri silabi kwa silabi. "Nimefiwa na baba" ni "My father has died", au kwa upole zaidi, "I have lost my father". Nanyi mkisoma "lost" katika barua ya namna hii, msidhani mzee amepotea njiani.

5. NDUGU ZAKE WALIO MAHAKAMANI NA KAZINI

Kwa kuwa asili ya neno ni kulemea, wako ndugu zake ambao hawana habari ya machozi. Wenye kufasiri mahakamani, ofisini na mikutanoni wawaangalie sana.

"Grievance" si huzuni ya msiba. Ni lalamiko la mtu aonaye kwamba ametendewa isivyo haki. Wafanyakazi wakipeleka "grievances" kwa mwajiri, wapeleka malalamiko, wala hawatangazi tanzia. Huko Marekani na Kanada vyama vya wafanyakazi hutumia hata kitenzi chenyewe kwa maana hii: "to grieve a decision" ni kuleta malalamiko rasmi juu ya uamuzi.

"Aggrieved" ni mtu aonaye kwamba amedhulumiwa au asiyeridhika. Sheria ziandikwapo kwa Kiingereza husema habari za "a person aggrieved by the decision", naye ni yule asiyeridhika na uamuzi, ambaye aweza kukata rufani. Mfasiri akimwita "mtu aliyehuzunishwa na uamuzi", amemwondolea nusu ya haki yake, maana huzuni haikatiwi rufani.

"Grievous" ni -zito, -kubwa sana, katika mambo mabaya. Sheria za makosa ya jinai za Tanzania na za Kenya, katika maandishi yake ya Kiingereza, zataja "grievous harm", yaani madhara makubwa ya mwili. Hapo hapana huzuni. Pana uzito wa jeraha. Nalo neno lina silabi mbili tu, "grii-vas". Watu wengi, hata Waingereza, huliongezea i wakaandika "grievious", nalo ni kosa.

6. KUANDIKA BARUA YA RAMBIRAMBI

Sasa tuyatie mafundisho haya kazini. Mtu akitaka kumwandikia mfiwa kwa Kiingereza, na aandike maneno machache yaliyo sahihi. Haya yafaa:

"We grieve with you at the death of your husband." Twahuzunika pamoja nawe kwa kifo cha mume wako.

"Our hearts are heavy." Mioyo yetu ni mizito.

"We remember him with thanks, and we are thinking of you and your children." Twamkumbuka kwa shukrani, na twawafikiri ninyi, wewe na watoto wako.

Angalieni neno "with" katika sentensi ya kwanza. Tungeweza kuandika "we grieve for you", nalo si kosa: twaona uchungu kwa ajili yako. Lakini "for" hutumika pia kwa marehemu, na humwacha mfiwa upande mmoja na sisi upande wa pili. "With" hutuweka sote chini ya mzigo mmoja.

Na neno letu "pole" tulitafsirije? Hili halina mwenzake katika Kiingereza. Sisi humpa pole aliyefiwa, mgonjwa, aliyechoka kwa safari na hata aliyejikwaa kidole. Watu hutafsiri kwa "sorry", nalo lafaa msibani: "I am so sorry." Lakini Mwingereza hutumia "sorry" kwa kuomba radhi pia. Kwa hiyo tukimwambia "sorry" kwa kuwa amejikwaa, aweza kushangaa na kujibu kwamba si kosa letu. Msikasirike; hakuikataa pole yenu, ila hakuitambua. Katika barua ya msiba ongezeni jambo lenyewe, shaka iondoke: "I am sorry to hear of your mother's death."

7. ZOEZI

Someni sentensi hizi, kisha kwa kila moja ulizeni: nani atwika, nani abeba? Fichani majibu kwanza.

(1) "Your silence grieves us."
(2) "The old man is grieving."
(3) "The girl grieves for her brother in prison."
(4) "It grieves me to write this letter."
(5) "The workers brought their grievances to the manager."
(6) "She buried her husband in May, and she is grieving him still."

Majibu: (1) Kimya chenu chatuhuzunisha, kimya chatwika, sisi twabeba. (2) Mzee yumo katika majonzi. Yeye abeba, wala hatuambiwi sababu. (3) Msichana aona uchungu kwa ajili ya ndugu yake aliye gerezani. Ndugu yu hai, nalo neno "for" halikumwua. (4) Yanihuzunisha kuandika barua hii. Kazi ya kuandika yatwika, mimi nabeba. (5) Wafanyakazi walileta malalamiko yao kwa meneja, hapana msiba. (6) Alimzika mumewe mwezi wa Mei, na hata sasa amlilia. Maneno "alimzika mumewe" ndiyo yaliyotujulisha kwamba hii ni njia ya tano.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twauona mwepesi kwa kuwa hauko kichwani petu. Ndiyo sababu mtu aweza kuandika neno la msiba kwa haraka, asijali kama limekaa sawa. Neno "grieve", kwa asili yake, lakana kwamba mzigo ule ni mwepesi. Basi mkilitumia, litumieni kama mtu amtuaye mwenzake mzigo, ambaye huangalia kwanza mahali pa kushika, asije akamwongezea uzito kwa kutaka kumpunguzia.

Hayo yatosha kwa mwezi huu.